Mpishi anayeumwa alipwe abaki nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku nililokaa nalo tangu masika ya mwaka jana. Mimi ni mpishi wa kantini katika chuo kimoja hapa Morogoro. Jina la chuo silitaji, na la kwangu naomba ulihifadhi, kwa kuwa ugali wa watoto wangu bado unatoka jiko lile lile. Nimewapikia wanafunzi miaka kumi na moja sasa, katika vyuo viwili, na sijawahi kuandika gazetini.

Kilichonisukuma ni tangazo lililobandikwa getini wiki mbili zilizopita. Linasema mama lishe wote walioko nje ya ukuta wa chuo waondoke kabla ya mwisho wa mwezi, ili kuwakinga wanafunzi na magonjwa ya kuhara na kutapika. Kina mama wale nawafahamu mmoja mmoja. Wawili nilianza nao biashara ya chapati kabla sijaingia kantini. Sisemi vibanda vyao havina kasoro. Maji wanabeba kwa madumu na sahani wanasuuzia kwenye beseni moja. Lakini masika yale, wanafunzi zaidi ya sitini walipoanguka ndani ya siku tatu, ugonjwa haukutoka kwao. Naamini ulitoka jikoni kwetu, na mikono iliyoupeleka mezani ni hii ninayoandikia.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili mitihani ianze. Usiku wa Jumapili mwanangu wa mwisho, wa miaka minne, alitapika mara tatu kitandani. Nilimbadilisha nguo, nikafua shuka kwenye beseni, nikamkorogea maji ya chumvi na sukari kama tulivyofundishwa kliniki: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Jumatatu mchana alikuwa nje anacheza na wenzake, nikamshukuru Mungu. Jumanne alfajiri, nikiwa kwenye daladala kutoka Chamwino, tumbo likaanza kuninyonga. Nilishuka vituo viwili kabla, nikatapika mtaroni.

Nilitakiwa nigeuze nirudi nyumbani. Hilo nalijua leo na nililijua pale mtaroni. Lakini mimi ni kibarua. Mzabuni, yaani mfanyabiashara aliyepewa na chuo kazi ya chakula, anatulipa shilingi 7,000 kwa siku, jioni, mkononi, na siku usiyofika haimo kwenye daftari lake. Ukikosa siku mbili unamkuta mtu mwingine ameshika mwiko wako, maana wanaoomba kazi wanasimama pale nyuma ya jiko kila asubuhi. Mwezi huo nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba. Nikanawa uso kwa maji ya chupa, nikanywa vidonge viwili vya Flagyl, dawa ya tumbo, vilivyobaki kwenye pochi, nikaingia jikoni nikasema kichwa kinaniuma.

Jumanne zamu yangu ni kachumbari. Kwa wasiopika kwa wingi, nieleze kachumbari ya watu mia nne inavyotengenezwa. Vitunguu vinakatwa debe zima, vinatiwa chumvi, halafu unavikamua kwa mikono yote miwili mpaka ukali utoke. Unasuuza, unakamua tena. Nyanya na karoti za Mgeta unachanganya kwa mkono pia, kwa sababu mwiko unaponda nyanya na wanafunzi wanalalamika. Wali umechemka, maharage yamechemka kwa muda wa saa tatu, lakini kachumbari haioni moto hata kidogo. Inatoka mikononi mwa mpishi inakwenda kwenye sahani.

Kati ya kukata na kukamua nilikwenda chooni mara nne. Choo cha wafanyakazi kiko nyuma ya stoo ya mkaa. Nje yake pana ndoo ya koki juu ya stuli, na kopo la sabuni ya maji. Ilikuwa siku ya mgao wa maji, ndoo ilikuwa na maji robo, na sabuni ilikuwa imeongezwa maji mara nyingi hadi haitoi povu. Nilinawa. Mbele ya Mungu nilinawa kila mara, kwa maji yale yale ya kudondoka, nikajifuta kwenye khanga niliyojifunga kiunoni, nikarudi kwenye karai la vitunguu.

Kadi yangu ya kupima afya ilikuwa mfukoni. Wapishi tunapimwa kila baada ya miezi sita, tunagongewa muhuri. Wangu ulikuwa haujamaliza hata miezi miwili. Mkaguzi angekuja saa ile angeiangalia kadi, angenirudishia, na mimi ningeendelea kukamua vitunguu.

Alhamisi, kabla hata hatujafungua dirisha la chai, binti mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja na chupa kuomba uji. Huyu huniita mama mdogo, anasema nafanana na mdogo wa mama yake. "Mama mdogo, chumbani tuko sita, wanne hawawezi kuinuka," akasema. Nilipokuwa namjazia akaniangalia kama mtu aliyesahau anachotaka kusema, kisha akageukia sinki la kunawia mikono, pale pale foleni inapoanzia, akatapika. Mwenzake akafungua maji yakabeba, akafuta ukingo wa sinki kwa kiganja, akanawa hicho kiganja kwa maji matupu, akaja dirishani kuchukua chapati yake. Ile chapati nilimpa mimi. Sikujua la kumwambia.

Kufikia Ijumaa jioni matroni alikuwa ameandika majina sitini na mawili. Zahanati ya chuo ina vitanda vinne. Vijana walilazwa wawili wawili, wengine kwenye mikeka, dripu zimetundikwa kwenye nondo za dirisha. Kijana mmoja aliishiwa maji mpaka akapelekwa hospitali, akakaa siku tatu. Kila mtu alikuwa na neno moja mdomoni, kipindupindu. Hatujasahau mwaka 2015, kilipoanza Dar es Salaam mwezi wa nane kikatembea mikoani, Morogoro nasi kikatufikia. Walikuja watu wa afya wakachukua vipimo vya choo. Majibu yalipotoka kwamba si kipindupindu, watu walipumua, wengine walipiga makofi. Na hapo ndipo habari ilipofungwa. Hakuna aliyeuliza: kama si kipindupindu, basi ni nini, na kimetoka wapi?

Chuo kilinunua katoni za vitakasa mikono, vile vya spiriti tulivyovizoea tangu wakati wa korona, vikawekwa kwenye kila mlango. Sabuni hazikuongezwa.

Wanafunzi wengi hawakutaka kuandikwa kwenye orodha ya matroni, na hili wakubwa wa vyuo walisikie vizuri. Ilishajulikana kwamba atakayeandikwa mgonjwa karibu na mitihani anarudishwa nyumbani, na mitihani yake anaifanya Septemba pamoja na wenye sapu, wale waliofeli wanaorudia. Mzazi wa kijijini aliyeuza mahindi kulipa ada hawezi kuelewa Septemba. Basi wakatapika kimya kimya, kwenye ndoo za kufulia, kwenye mifuko ya plastiki, kwenye vyoo vya pamoja ambavyo watu thelathini wanapokezana. Wiki ya pili ugonjwa ukahamia bweni la wavulana. Huko walioumwa hawakuwa wamekula kachumbari yangu ya Jumanne ile zaidi ya wenzao. Walipokezana wenyewe kwa wenyewe, na sababu ni woga.

Aliyenifungua macho ni Bwana Afya wa kata yetu, mzee anayekaribia kustaafu. Alirudi wiki iliyofuata bila gari wala barua, akatukalisha wapishi tisa kwenye mabenchi, akatuomba chai, akaanza kutueleza. Alisema hawezi kutuambia kwa uhakika ni ugonjwa gani maana haukupimwa zaidi ya kipindupindu, lakini kwa jinsi ulivyokuja kwa kasi na kuondoka kwa kasi, unafanana sana na kirusi kiitwacho norovirusi. Jina limetokana na mji wa Norwalk, jimbo la Ohio huko Marekani, ambako wanafunzi na walimu wa shule ya msingi walianguka kwa kutapika mwaka 1968, na miaka minne baadaye wataalamu wakakiona kirusi chenyewe kwa darubini kubwa. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba haya ni magonjwa ya umaskini wetu, ya mgao wa maji na vyoo vibovu. Akasema hapana. Mwaka 2008 vyuo vikuu vitatu vya Marekani, katika majimbo ya California, Michigan na Wisconsin, vilipata wagonjwa wapatao 1,000 kwa muhula mmoja, na kimoja kilifungwa kwa muda. Huko maji yanatoka bombani usiku na mchana.

Akatueleza kinavyofanya kazi, na nayaandika hapa kwa sababu naona wapishi wengi hawajaambiwa. Mtu akikimeza, dalili zinakuja baada ya saa 12 hadi 48. Anatapika na kuhara siku moja hadi tatu, halafu anapona. Lakini akishapona bado anakitoa kwenye choo kwa wiki mbili au zaidi, na siku mbili tatu za mwanzo ndizo za hatari. Chembe chache mno, hata hazifiki mia, zinatosha kumwangusha mtu mzima, na tone moja la matapishi linabeba mamilioni. Vitakasa mikono vya spiriti havikiwezi sawasawa. Kinachokiondoa ni sabuni yenye povu na maji yanayotiririka, na kwenye sakafu au sinki lililotapikiwa ni jiki, ile dawa ya klorini, ya kutosha, iachwe ikae dakika kadhaa kabla ya kusuuza. Flagyl haikigusi kabisa. Niliposikia hilo nilitazama chini.

Akamaliza kwa kusema kwamba mpishi aliyetapika au kuhara asiguse chakula cha mtu mpaka zipite saa 48 tangu dalili ya mwisho. Saa 48 baada ya kupona, akarudia, siyo baada ya kuanza kuumwa.

Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, "Bwana Afya, hizo saa 48 nani anatulipa?"

Hakujibu haraka. Alivua miwani akaifuta kwa shati. Kisha akatusimulia habari ya mji wa Boston, Desemba 2015. Wanafunzi zaidi ya 120 wa chuo kiitwacho Boston College waliugua baada ya kula chakula cha mgahawa mmoja wa kampuni kubwa ya Chipotle ulioko karibu na chuo. Baadaye ikabainika kwamba msimamizi mdogo aliyekuwa mafunzoni alitapika pale pale mgahawani, akaamriwa aendelee na kazi. Siku mbili baadaye mtu huyo huyo akasaidia kufunga chakula cha timu ya mpira wa kikapu ya chuo. Sheria ya kampuni iliyokataza mgonjwa kufanya kazi ilikuwepo, imeandikwa. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola milioni 25 kwa tukio hilo na mengine ya namna hiyo.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na huyo mtu wa Boston kichwani. Simjui jina wala sura, lakini ile saa ya kusimama jikoni huku tumbo linasokota na mtu anakwambia endelea, naijua. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliambiwa kwa mdomo. Mimi niliambiwa na daftari la mzabuni.

Ndugu Mhariri, nimepiga hesabu. Mtu akiumwa siku mbili na kukaa nyumbani saa 48 baada ya hapo, ni siku nne. Kwa malipo yetu ni shilingi 28,000. Tuko tisa jikoni. Kila mmoja wetu akiumwa tumbo mara moja kwa mwaka, jumla ni shilingi 252,000. Hiyo ni bei ya gunia moja la mchele, na sisi gunia moja tunalimaliza kwa siku mbili. Sijui chuo kilitumia kiasi gani kwa dripu, kwa gari la hospitali, kwa kutunga na kusimamia mitihani ya Septemba kwa waliokosa, lakini katoni zile za vitakasa mikono peke yake nilizishuhudia zikishushwa, na zilijaza pikapu.

Mikataba ya uzabuni wa chakula inasainiwa na vyuo. Ndani yake, mzabuni anaambiwa aina ya mafuta, uzito wa nyama kwa sahani, sare za wapishi hadi rangi ya kofia. Naomba uongezwe mstari mmoja: mpishi akiumwa tumbo analipwa siku zake na nafasi yake inamsubiri. Usiishie kumkataza mgonjwa kazi. Katazo tunalo tayari, limebandikwa ukutani juu ya sufuria za chai, na siku ile nilipita chini yake. Njaa ya watoto haisomi ukutani.

Na kwa wanafunzi, iwe hivyo hivyo. Kijana aliyetapika usiku apewe nafasi ya kufanya mtihani wake ndani ya wiki mbili, bila kuonekana kama aliyefeli, na mtaona jinsi matroni atakavyopata majina mapema. Ugonjwa huu unasambazwa na waliojificha. Sisi tulijificha jikoni, wao wakajificha bwenini, na katikati yetu palikuwa na dirisha moja la chakula.

Kuhusu mama lishe, kabla ya kuwafukuza, uongozi ungewavutia bomba moja pale nje na kuwapa sabuni ya kipande. Mwanafunzi ambaye bumu lake, pesa ya mkopo ya kujikimu, limekwisha hawezi kulipa bei ya kantini, na akikosa ubwabwa wa shilingi elfu moja hali kabisa. Tena mama lishe anayeumwa ana uhuru ambao mimi sina: anafunga kibanda chake analala. Anapoteza siku, lakini hakuna anayemfuta kwenye daftari.

Binti yule aliyeniita mama mdogo alifanya mitihani yake Septemba. Alifaulu, yuko mwaka wa pili. Bado anakuja dirishani, na mimi bado sijamwambia. Nimeanza mara mbili, sauti ikakataa. Pengine atasoma hapa. Mwanangu, nisamehe.

Jumatatu ya wiki iliyopita mwenzetu mmoja wa kukanda unga alifika amelowa jasho, midomo imekauka, akasema kichwa kinamuuma. Nilimwangalia machoni, akainamisha uso. Nikamvuta nyuma ya stoo ya mkaa nikamwambia arudi nyumbani sasa hivi, asishike hata kitasa cha stoo. Akaanza kulia, ana mapacha wa miezi mitano. Tuliobaki ni wanane. Tulichanga shilingi 3,500 kila mmoja, nusu ya siku yetu, ikatimia 28,000, nikampelekea jioni. Mzabuni tukamwambia amefiwa na shangazi yake Kilosa, kwa sababu msiba anauelewa. Ijumaa akarudi mzima, akakuta nafasi yake. Mwanafunzi hata mmoja hakuugua wiki ile.

Mzabuni akisoma barua hii atatujua. Shangazi wa Kilosa yu mzima, anasalimia.

Mpishi wa kantini,
Chamwino, Morogoro
(Jina limehifadhiwa)